Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Baba alipofariki alituachia, mama na mimi, gari-nyumba tuliloishi, na koti lake kabatini. Mama hakutaka lifuliwe. Kila asubuhi alifungua kabati, akainamia kola, akanusa, akafunga.

Kiyoyozi cha Baba kilikuwa kidogo na kikongwe, kikinguruma mchana kutwa. Mpira mwembamba ulitoa maji yake nje hadi kwenye ndoo, na Baba hakunywa chai kabla ya kuikagua. "Maji yaliyomo ndooni hayamo vifuani mwetu," alikuwa akisema.

Mwezi wa pili wa msiba, baba mdogo alikuja na kiyoyozi cha kupozea ukumbi. Yeye ni fundi majokofu, hashauriki.

"Baba mdogo, hiki hakijazidi?"

"Ubaridi hauzidi, mwanangu. Mama yako apumzike na ile kelele."

Akaking'oa cha Baba, akakisukumia uvunguni mwa gari.

Kipya kilipoza gari kwa dakika tano, kikazima. Kikawaka, kikazima. Tulitetemeka kama vifaranga walionyeshewa, lakini madirisha yalitoka jasho, chumvi ikalowa, na ndoo ikabaki kavu. Nilimpigia baba mdogo simu mara tatu.

"Huo ni mvuke wa sufuria zenu," alisema. "Fungueni dirisha."

Nje mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima. Tulifungua, tukazidi kulowa.

Wiki ya tatu mama alifungua kabati, asiiname. Kola ilikuwa imeota kuvu, nyeupe kama unga.

Baba mdogo alipofika nilimtia koti mikononi. "Nusa."

"Hii inatoka kwa sabuni. Koti ni koti, mwanangu."

"Na Baba atatoka kwa sabuni hiyo hiyo."

Mama akasema, taratibu: "Shemeji, kaka yako aliitazama ndoo kila siku. Wewe umeitazama lini?"

"Kikubwa huwahi kupoza kikazima, shemeji. Hakipati muda wa kukamua maji hewani."

"Kumbe ulijua."

"Kwa wateja huwa napima chumba kwanza," alisema, akiangalia viatu vyake. "Hapa niliona ni nyumbani."

Nilitoka nje nisije nikamtukana mtu mzima. Alikirudisha cha zamani peke yake. Sikumshikia hata ngazi. Mama alifua koti kwa mikono yake, ametugeuzia mgongo.

Kesho yake ndoo ilikuwa imefika nusu. Mama aliitazama, akaimwaga, akaingia ndani. Kabati hakulifungua.