Askari wa Kuhesabu Madirisha

"Mabibi na mabwana wa Asunción, wenyeji na wageni, wenye viatu na wenye ndala! Leo historia itafungua kinywa na kusema!"

Hadhira ilikuwa mtu mmoja, Shangazi Obdulia, naye wakati huo alikuwa ameinama akitoa kijiwe ndani ya kiatu.

"Iambie iseme upesi," alijibu. "Jua litatuchoma."

Derlis, kijana wa miaka kumi na sita aliyesoma bweni kwa mapadri, alikohoa kama askofu na kuongoza njia. Kwapani alibana themosi ya maji ya barafu, mkononi alishika pembe ya kunywea terere, kinywaji cha majani yaliyolowekwa maji baridi, na mrija wake wa chuma. Lakini mzigo mzito kuliko yote ulikuwa mfukoni mwa shati: barua ya mkuu wa shule. Bila sahihi ya mtu mzima wa familia, Jumatatu asingefunguliwa lango. Mama yake angeisoma neno kwa neno kisha angelia, na kilio cha mama ndicho kitu pekee duniani ambacho Derlis hakuwahi kukifanyia mzaha. Shangazi, kwa bahati njema, alikuwa amerudi juzi tu kutoka Buenos Aires baada ya miaka thelathini. Atembezwe, afurahi, atie sahihi bila kutafuta miwani.

Kulikuwa na kasoro ndogo tu. Kipindi cha historia Derlis alikuwa amekilalia tangu Machi.

"Hapa Ikulu," alisema kwa sauti ya mazishi, "yupo askari wa kuhesabu madirisha kila alfajiri. Likipungua moja, hapati kifungua kinywa."

"Maskini! Na yakizidi?"

Hilo hakuwa amelipanga. "Yakizidi, anapandishwa cheo."

"Haya." Shangazi aliinua uso akaitazama Ikulu kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza.

Wakapanda Mtaa wa Palma, wakanunua mkate moto wa chipa, wakaumega katikati huku jibini ikivutika. Kwenye stesheni ya zamani Derlis alieleza kwamba garimoshi la kwanza liliogopa giza, ndiyo maana dereva alilala nalo. Shangazi aliuliza kama walilala mzungu wa nne. Kila waliposimama chini ya mti wa mlapacho uliochanua maua ya rangi ya waridi, Derlis alimimina terere. Shangazi alivuta mpaka mrija ukakoroma, akarudisha pembe kimya. Kwao anayesema asante amemaliza kiu, hamiminiwi tena. Mpaka saa sita alikuwa hajaisema.

Maji yalipoisha walifika kwenye kona ya akina mama wanaotwanga majani ya dawa ya kutia kwenye terere.

"Soko hili," alianza Derlis, "lilianzishwa na malkia aliyeumwa tumbo..."

"Malkia gani, wewe mtoto?" aliuliza mwanamke mmoja, mchi ukiwa hewani. Kisha akamwona aliye nyuma ya Derlis. "Obdulia? Obdulia wa kinu cha pili?"

"Tomasa! Hujafa tu?"

"Nife nikuachie kona?"

Mchi ukaanguka, wakakumbatiana, wakacheka, wakafutana machozi kwa aproni moja.

"Tumetwanga hapa miaka kumi na mmoja bega kwa bega," Bi Tomasa alimwambia Derlis. "Huyu anajua kila jiwe la mji huu. Wewe ulikuwa unamwonyesha nini?"

Derlis alitazama viatu vyake. "Shangazi, ulijua tangu Ikulu?"

"Tangu 'mabibi na mabwana'."

"Mbona hukuninyamazisha?"

"Nikunyamazishe kwa nini? Miaka yote ile nilipita pale na kapu kichwani, macho chini nisijikwae. Leo nimeyahesabu madirisha mpaka shingo inauma. Hakuna aliyewahi kunitembeza mji huu nikiwa mikono mitupu." Akamgeukia mwenzake. "Mtwangie kitu cha kutibu uongo."

"Huo hauna jani. Nitamtilia mnanaa, angalau unukie."

"Sasa," alisema Shangazi, "hiyo karatasi unayoipapasa tangu asubuhi."

"Ni ruhusa ya safari ya..." Derlis aliutazama mchi. "Hapana. Nilibandika tangazo kwamba askofu anakuja. Shule nzima ikaoga, ikapaka nywele mafuta, ikasimama juani kwa muda wa saa mbili. Mkuu alishika shada la maua. Mpishi akachinja kuku wake mwenyewe."

Bi Tomasa alicheka mpaka akashika kinu. Shangazi hakucheka.

"Kuku wa mpishi? Wangapi?"

"Wawili."

"Hilo ndilo baya. Natia sahihi, lakini jioni mama yako atayasikia haya kwa kinywa chako, nami nitakuwa nimekaa kando yako. Na mpishi utamwangukia."

Alisaini juu ya goti, bila miwani, akisoma kila neno. Kisha akajaza pembe kwa maji mapya ya mnanaa na kumpa Derlis. Ilikuwa baridi tamu, na koo lilikuwa ndiyo kwanza linaamka. Desturi aliijua. Hata hivyo alirudisha pembe kwa mikono miwili.

"Asante, Shangazi."

"Umetosheka?"

"Nina kiu ya kufa. Lakini sikuweza kungoja kuisema."

Shangazi alimtazama, pembe mkononi, kwa jicho lile lile lililohesabu madirisha.

"Derlis. Kuku walikuwa wangapi?"

"Watatu, Shangazi."