Safari Iliyokwisha Mapema

Ayuma alipopanda ndege kwenda London, babake, Laban, aliipigia safari hesabu kwa penseli. Alikuwa amepanga ratiba za treni miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuona safari bila kuipima. Kilomita elfu sita na mia nane. Ndege hukata mia nane kwa saa.

“Imeruka saa tatu asubuhi,” alimwambia mkewe, Khavere, waliporudi nyumbani Kaloleni, Nairobi, kutoka uwanja wa ndege. “Itatua saa kumi na moja na nusu jioni.”

Khavere alikuwa ameshawatangazia wanawake wa kanisa kwamba bintiye anaenda kusomea uuguzi. Wakala wao, kijana mpole aitwaye Matheka, ndiye aliyeshika tikiti na pasi za wasichana wote sita waliosafiri pamoja, wasije wakazipoteza.

Saa tisa alasiri Abdiqadir, mwenye duka lenye simu, alifika mlangoni akihema.

“Mzee Laban! Ayuma yuko kwenye simu!”

Khavere akapiga vigelegele. Laban alitembea hadi dukani akihesabu: saa sita tu.

“Baba, tumefika London.” Sauti ilikuwa yake, lakini aliongea kama mtu anayesomewa maneno.

“Hapo kuna saa ukutani? Inasema saa ngapi?”

“Saa kumi, Baba.”

Laban akashika kaunta. London iko nyuma ya Nairobi kwa saa, haiwezi kuitangulia. “Mwanangu, hapo si London. Pasi yako iko wapi?”

“Bado wanayo watu wa Matheka. Baba, kuna joto jingi hapa, na—”

Mwanamume alifoka neno moja. Simu ikakatika.

Laban alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Matheka mjini. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna meza wala kiti.

“Walihama leo saa tano asubuhi,” mlinzi alisema. “Walikuwa na haraka.”

Kituoni, polisi wa zamu aliandika jina la Ayuma, kisha akauliza, “Sasa kosa ni lipi, mzee? Si amefika?”

“Amefika mapema mno.”

Polisi akaweka kalamu chini, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Miezi mitatu baadaye barua ilikuja. Ilisema Ayuma ni mzima, anasoma kwa bidii, wasimtafute. Khavere aliisoma mara mbili, halafu akaweka kidole chini ya jina lililotiwa mwishoni. Lilikuwa limeandikwa *Ayoma*.

“Baba Ayuma,” alisema polepole, “mtoto wangu hawezi kukosea jina lake.”

Asubuhi iliyofuata walianza kuwatafuta wazazi wa wale wasichana wengine. Wa kwanza waliyempata alikuwa Mbotela, mama yake Nerima. Hakuwauliza wametoka wapi. Aliingia chumbani, akarudi na barua, akaiweka mezani kando ya yao.

Mwandiko ulikuwa uleule.