Miche Iliyovuka Kaburi

Malachie alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe, Tamar. Kila alipobeba kakao mbichi kutoka shambani alichomoa mbegu, akafyonza utamu wake mweupe, kisha akaitema pembeni mwa njia na kuikandamiza kwa kisigino. Tamar alimwambia kwamba anakula karo ya binti yao, Élise. Malachie alijibu kwamba yeye hali, anapanda.

Siku waasi walipoingia kijijini kwao, upande wa Mutwanga, mashariki mwa Kongo, wanaume walikuwa wakivuna. Walikamatwa, wakatwishwa magunia ya kakao iliyotoka tu kupasuliwa, wakaingizwa msituni. Wanawake walikimbia na watoto. Tamar na Élise walifika Butembo, kwa Lusenge, kaka yake Malachie. Baadaye ikaja habari kwamba mateka waliuawa kando ya mto, mikono ikiwa imefungwa nyuma.

Lusenge alikuwa na huruma, ila alichoka kuona kilio kisicho na mwisho kikimkondesha Élise. Akapatana na mchungaji: wafanye maombi, Tamar anyolewe, kilio kiishe. Tamar hakutaka. Alikuwa akijiuliza swali moja tu: nani alimwona Malachie amekufa?

"Mama Élise," Lusenge alimwambia, "mutu akikufa tunamulilia, kisha tunamuacha apumuzike. Weye unamukataza kupumuzika."

"Shemeki, unionyeshe fasi amelala. Siku ileile nitanyoa."

Msimu uliofuata wakulima waliruhusiwa kuingia mashambani mchana, wakilindwa na askari. Lusenge akampeleka Tamar, wakapita Beni kwa pikapu, kisha kwa pikipiki. Kijijini waliongozwa na Gracien, mmoja wa waliowazika mateka. Tamar alimuuliza mengi: walivaa nini, nani alikuwa na ndevu. Gracien alisema ukweli, macho chini. Risasi zilikuwa zikilia jirani siku ile. Walifukia haraka, hawakuhesabu wala hawakutazama sura.

Walipoingia msituni Tamar alisimama. Pembeni mwa njia, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kulima, kulikuwa na mche wa kakao unaofika gotini. Hatua kadhaa mbele, mwingine. Kisha mwingine tena, yote upande wa kulia.

"Ni makako," Lusenge alisema. "Makako ya huku inakulaka kakao kuliko sisi benyewe."

Tamar alishika jani, akaligeuza. Tumbili, alisema, hutema mbegu chini ya mti anapokula. Hapangi mstari kama mtu anayekwenda sokoni.

"Donc, basi, gunia ilitoboka."

"Ya gunia ingeanguka katikati ya njia, panya bakule. Hii mutu aliikanyangia ndani ya udongo, shemeki. Unamujua huyo mutu."

Toka hapo ni Lusenge aliyetangulia, akifunua nyasi kwa fimbo, na kila alipoona mche aliguna kidogo.

Miche iliwafikisha kandokando ya mto. Gracien alivua kofia. Kaburi lilikuwa tuta refu lililoota majani, bila msalaba. Tamar alipiga magoti, akawalilia wote waliolala pale, majirani zake, na Lusenge akaomba kwa Kinande, lugha yao, mpaka sauti ikakatika. Kisha Lusenge akatoa wembe mfukoni, ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Alikuwa ameubeba kutoka Butembo.

Tamar alifungua kitambaa chake, akainamisha kichwa. Ahadi ni ahadi. Lakini macho yake yaliyokuwa yakitazama chini yalifuata njia kuvuka tuta lile, na huko ng'ambo yake, upande wa kulia, yakaona jani jekundujekundu la mche mchanga. Mbele yake kulikuwa na mwingine.

Aliinuka. Askari akamwambia asivuke hapo, kule mbele hakujulikani. Tamar akasimama palepale, akanyoosha kidole.

Lusenge alifuata kidole kwa macho, mche hadi mche.

"Inaweza kuwa mwingine," alisema. "Tabia ya kufyonza kakao haikuwa ya mudogo wangu peke yake."

"Inaweza."

"Na huyo mwingine pia ana bibi fasi fulani."

"Ndiyo, shemeki. Naye anangoja."

Lusenge alimwomba askari dakika moja. Akasogea hadi mche wa kwanza uliovuka kaburi, akachuchumaa, akakata kwa wembe ule majani yaliyousonga, moja moja, hadi mwanga ukaufikia. Aliporudi alimwokotea Tamar kitambaa chake, akakikung'uta mavumbi.

"Ufunge kichwa," alisema. "Mchungaji nitamuambia angoje."