Mlezi wa Sabina

Siku ya kikao cha kuchagua michepuo ya masomo, Blandina aliamka ukungu ukiwa bado umelala shambani, akakamua ng'ombe, akampa nyati pumba, kisha akaingia ndani kupiga pasi sketi ya Sabina. Pasi ilikuwa ya mkaa. Aliipitisha kwenye marinda taratibu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umevimba, akikwepa sehemu moja ambapo damu ya jana ilikuwa haijakubali sabuni ya mche.

Nyati alimaliza pumba, akalamba ndoo. Aliishi pale tangu mazishi. Ndiye aliyemuua Clemensi, mume wa Blandina, kwenye ukingo wa msitu wa Ngorongoro juu ya Rhotia, Clemensi alipokwenda kutafuta ndama aliyepotea. Sabina ndiye aliyemkuta baba yake kwanza. Alivua sweta la shule, akalikandamiza kwenye tumbo lililokuwa wazi, akalishika hivyo mpaka majirani walipofika na machela ya miti, akalishika njia nzima mpaka zahanati. Zahanati ilikuwa imefungwa, kwa kuwa muuguzi alikuwa mmoja na alikwenda semina. Clemensi alifia barazani. Sabina akasema atakuwa muuguzi. Hakurudia tena, maana alikuwa ameshasema.

Jioni ya kuzika, watu wakiwa bado wanakula, nyati alishuka kutoka msituni, akapita katikati ya waombolezaji, akasimama kwenye lango la zizi, pale pale Clemensi alipopenda kusimama. Askari wa hifadhi walikuja na bunduki zao, wakamtazama, wakasema mnyama aliyehamia kwa mtu si wa hifadhi tena, ni wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji akasema mnyama wa porini ni wa hifadhi. Wakaagana vizuri. Wapo waliosema kifuta machozi cha serikali huchelewa, safari hii kimejileta chenyewe kwa miguu. Katekista alipoulizwa alisema mradi asile maua ya kanisa, yeye hana neno.

Blandina hakumshukuru nyati wala hakumfukuza. Alimwekea pumba kwa sababu kiumbe cha Mungu hakilali njaa nyumbani kwake, na kila jioni alisali rozari akiwa amempa mgongo. Mchana nyati alirudi msituni kula. Jioni alishuka, mara nyingine na tawi kavu limenasa kwenye pembe, nao wakalipikia.

Damu ya kwenye sketi ilitokana na Hilary, mdogo wa marehemu Clemensi, aliyekuwa akiishi Ganako. Kule juu kulikuwa na kambi ya watalii, na meneja wake alikuwa amemwahidi Hilary kazi ya ulinzi akimletea binti wa nyumbani mwenye cheti cha ukarimu. Ukarimu ulikuwa mmoja wa michepuo mitatu ya pale shuleni: wanafunzi walifundishwa kupika, kutandika vitanda, na kumtabasamia mgeni hata akiwa na hasira. Mwingine ulikuwa sanaa, na wa tatu sayansi. Sabina alikuwa ameshamweleza mama yake jambo hili jikoni. Alipanga maharage matatu juu ya ungo, hii bailojia, hii kemia, hii fizikia. Halafu akaondoa moja.

"Ukitoa hii, mama, chuo cha uuguzi hakinipokei. Hata nikiwa na hizo mbili."

Blandina, aliyeishia darasa la saba, aliitazama ile nafasi iliyobaki kwenye ungo, akaelewa.

Hilary yeye hakuelezwa kwa maharage. Alifika mchana, nyati akiwa msituni, akauliza kesho binti atachagua nini. Sabina akamjibu kwa adabu, shikamoo baba mdogo, nitachagua sayansi. Hilary akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta. Alimpiga mgongoni, kwenye mapaja, na mdomoni alipogeuka. Blandina akaingia kati, na mpini ukamkuta kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Baadaye Hilary aliketi kwenye kigoda, akaomba maziwa, akanywa.

"Shemeji, mimi sina ubaya," alisema. "Ukarimu ni kazi safi. Atakuwa kwenye shuka nyeupe kila siku."

"Kuzitandika au kulalia?" Blandina akauliza.

Hilary akafuta masharubu. Akasema shuka ni shuka, na kwamba kesho atakuwepo kikaoni kama mlezi.

Jioni nyati aliposhuka, alinusa ile damu kwenye vumbi la uwanja, akaunusa mpini, akaulamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Blandina aliyaona hayo. Usiku ule aliongeza sala moja fupi baada ya rozari. Hakumwomba Mungu makubwa. Alimwomba kwamba kesho mtoto asimame na mtu.

Asubuhi waliteremka kwa miguu, mama na binti mbele, nyati nyuma. Mashamba ya mahindi na maharage ya ngwara yalikuwa yameloa. Dereva mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo, akamwamkia Blandina, akawapita upande wa pili.

Shule ilikuwa na kanuni mbili kuhusu michepuo. Ya kwanza ilihusu wazazi. Zamani mama mmoja alimchagulia mwanawe masomo, na mume wake akaja kesho yake na panga, akavunja vioo vya ofisi na kumkata mlinzi bega. Kamati ya shule ikakaa ikajadili. Haikumshtaki mume. Iliamua kwamba tangu siku hiyo mchepuo uthibitishwe na mlezi wa kiume tu, ili pasiwe na fujo. Wanaume waliketi ndani ya darasa, kwenye madawati. Kina mama walikaa nje kwenye msingi wa ukuta, chini ya madirisha, na aliyetaka kuona alisimama.

Kanuni ya pili ilihusu sayansi. Mchepuo huo ulikuwa na wastani wake. Mwanafunzi aliyepungukiwa hakukatazwa, ila alichapwa fimbo moja kwa kila alama iliyopungua, mbele ya mlezi wake, ionekane kama kweli anaitaka. Mwalimu Zablon, mwalimu wa taaluma, mtu mpole aliyeimba besi kwenye kwaya, aliita hiyo kuziba pengo. Sabina alikuwa amepungukiwa alama saba za fizikia.

Blandina aliketi msingini karibu na Aikaeli, mama Evelyn, mwenye duka dogo pale Rhotia, aliyetoka Machame na mume wake miaka mingi nyuma. Huyo mume aligongwa na gari la watalii kwenye lami, akitoka kununua mkate. Wakapeana pole za mikono. Ndani wakaita jina la Evelyn. Mwalimu Zablon akauliza mlezi, hakuna mwanamume aliyesimama, na Evelyn, ambaye alama zake zilikuwa hazijapungua hata moja, akapangiwa ukarimu. Aikaeli akavua kiatu, akakung'uta kokoto ambayo haikuwemo, akakivaa.

"Sabina Clemensi. Mlezi?"

"Nipo," Hilary akasema, akasimama.

Nyati naye akaingiza kichwa mlangoni. Pembe zilikuwa pana kuliko mlango, kwa hiyo fremu ikang'oka na mlango ukaanguka chini. Mwalimu Zablon akasubiri vumbi litulie.

"Huyu ni nani?"

Mzee Josephati, mwenyekiti wa kamati, akasema ndiye aliyemuua baba wa huyu binti. Anaishi pale nyumbani kwao.

"Ni dume?"

Josephati akainama na fimbo yake, akachungulia. "Ni dume."

"Basi aingie. Asimame nyuma, madawati ni ya serikali."

Ikawa kuna walezi wawili, na jambo hilo likajadiliwa. Mmoja wa wazazi alisema undugu wa damu uko kwa Hilary. Mwingine akasema ndiyo, lakini Hilary analala Ganako, na huyu analala boma moja na mtoto. Wa tatu akatania kwamba kati ya hao wawili angalau nyati hajawahi kukopa mbegu asirudishe, na watu wakacheka. Hilary hakucheka. Alisema mtoto wa kaka yake ataingia ukarimu, maneno yamekwisha. Mwalimu Zablon akamgeukia Sabina, akamuuliza yeye alikuwa na wazo gani.

"Sayansi, mwalimu."

Hilary alikuwa na fimbo ya mkononi. Akampiga nayo sikioni, pale pale mbele ya watu. Damu ikaanza kutiririka kwenye kola. Aliinua mkono mara ya pili, na nyati akaja.

Alikuja moja kwa moja, akipitia madawati, na wazazi wakasogeza miguu. Pembe ya kulia iliingia chini ya mbavu za Hilary, ikamnyanyua hadi kwenye dari, ikampigiza kwenye ukuta uliochorwa jedwali la elementi. Nyati akamshusha, akamkanyaga paja mara moja, likavunjika, akarudi nyuma akasimama mahali alipopangiwa. Utumbo wa Hilary ulikuwa nje kidogo.

Sabina alipiga magoti. Aliwaambia wasimvute, akaomba kanga, na Blandina akaipitisha dirishani. Binti aliikunja, akaikandamiza kwenye jeraha, akalaza uzito wake wote juu yake, damu ya sikio lake ikidondokea kifuani kwa mtu aliyeitoa. Walimbeba Hilary juu ya mlango ulioanguka. Pikapu ya vitunguu iliyotoka Baray kuelekea Arusha ikasimamishwa, ikageuzwa kurudi Karatu. Sabina hakuondoa mikono mpaka kijana wa kwenye pikapu alipoweka yake.

Kisha akaitwa ndani, maana foleni ilikuwa ndefu.

Mwalimu Zablon akauliza kama mlezi aliyebaki anaafiki sayansi. Nyati akapuliza pua. Ikaandikwa kwamba ameafiki.

"Bado pengo," Mwalimu Zablon akasema, kwa upole, akachukua fimbo.

Blandina alisimama dirishani. Alimtazama nyati. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kumtazama machoni, na sasa alimtazama, akangoja. Sabina aliinama, akashika kiti kwa mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Fimbo ya kwanza ikatua juu ya uvimbe wa mpini wa jana. Nyati alikuwa akicheua. Fimbo ya pili ikapasua ngozi, marinda yakaanza kuloa. Nyati aliangalia mbele, kichwa amekiinamisha kidogo, kama akina baba wengine wote mle ndani walivyokuwa wameinamisha vichwa, na pembe yake ilikuwa ikidondosha damu sakafuni.

Hapo Blandina akajua kwamba mnyama yule sasa alikuwa mtu mzima wa kijiji.

Akazunguka hadi mlangoni. Mzee Josephati akaweka fimbo yake katikati ya pale palipokuwa na mlango.

"Mama Sabina," alimwambia, bila ukali, "mlezi wake yupo ndani."

Zilizobaki alizisikilizia pale. Kila moja aliisalia Salamu Maria, na moja, ya mwisho, ilitua kabla hajafika katikati ya sala.

Sabina aliingia sayansi. Wiki mbili alisoma fizikia akiwa amesimama, kitabu kwenye kizingiti cha dirisha. Hilary alipona, ila anatembea amepinda, na akipita nyumbani anakaa mbali na zizi. Bado anasema ukarimu. Nyati aliendelea kushuka jioni, na Blandina aliendelea kumwekea pumba. Tofauti ni kwamba sasa alisali akiwa amemgeukia, akimtazama, na nyati ndiye aliyekuwa akigeuza shingo.

Aikaeli alikuja kumuuliza amefanyaje. Alikuja na sukari robo, akakaa jikoni, akazungukazunguka na maneno kabla ya kufika. Blandina akamwambia kwamba hakufanya kitu. Alikuja mwenyewe, yule aliyeua.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Anneth, mdogo wake Evelyn, naye alitaka sayansi na alikuwa amepungukiwa. Blandina alimsindikiza Aikaeli kikaoni. Walikuwa wameshaketi msingini waliposikia injini. Gari la watalii, lile la rangi ya majani makavu, lilipanda kutoka kwenye lami bila dereva, likapunguza mwendo penye watoto, likaingia darasani kupitia ukuta wa nyuma, likasimama.

Mwalimu Zablon akaomba injini izimwe. Ikazimika. Mzee Josephati akalizunguka, akachungulia chini, akasema hapa hakuna namna ya kujua kama ni dume.

"Lilimuua nani?" Mwalimu Zablon akauliza.

Akaambiwa, baba yake Anneth.

"Basi inatosha."

Ikaandikwa kwamba mlezi amefika. Fimbo ya kwanza iliposikika, Aikaeli alinyanyuka, kanga ikamdondoka begani. Blandina akamshika kwa ule mkono wake uliounga vibaya, akamrudisha chini kwenye msingi.

"Kaa, mama Evelyn," alimwambia. "Mlezi wake yupo ndani."