Nafsi ya Nne

Mimi ni Mutanu, na kanisani kwetu huku Makindu kazi yangu ni kufunika. Mwanamke akianguka kwa maombi, mimi ndiye ninayemtupia leso kabla magoti hayajaonekana. Na mhudumu wa kufunika hatazami. Unageuza uso pembeni, unafunika, unaondoka. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyojiponza.

Mwaka huu nilikuwa na ndengu, jamani! Zilikuwa karibu kuvunwa. Na nilikuwa na adui, nyani dume mzee aliyeshuka kilimani kila asubuhi kama mwenye shamba. Kwa hiyo walipokuja wanafunzi wa udaktari wa wanyama kutoka ng'ambo, wakiomba kumdunga sindano ya usingizi pale shambani kwangu Jumapili, niliwapikia hadi chai ya maziwa. Nilijua wanampeleka mbugani Tsavo, nikawaambia hivyo.

"La, mama," akasema Cheryl, msichana wa Kanada aliyejifunza Kiswahili kitabuni. "Tutampima, tutamvika ukanda wa redio, kisha tutamwacha papa hapa. Hapa ndipo kwao."

Kwao! Nikawaacha shambani, nikaenda kanisani, hapo jirani tu, nimefura.

Pasta Munyao alikuwa anawaita watu waokoke, macho yake na ya waumini yamefungwa, spika zinasikika hadi sokoni. Kina mama watatu wakaanguka, nikawafunika. Nikasikia wa nne akianguka, puu! Nikageuza uso, nikafunika. Pasta akapapasa, akamwekea mkono kichwani, akatangaza, "Nafsi nne! Nafsi nne zimeokoka leo!"

Mara Cheryl na wenzake wakaingia mbio na bunduki yao ya sindano, wakapiga magoti, wakafunua leso yangu. Nyani alikuwa amekimbia na sindano mgongoni mpaka dawa ikamlaza mbele ya madhabahu. Wakamtoa damu, wakamvika ukanda shingoni, wakampima joto mahali nisipoweza kupataja.

Mzee wa kanisa, Kiema, akainua mkono. "Pasta, sasa hii nafsi ya nne tunatoa ama inabaki?"

Pasta akaangalia spika. Soko lote lilikuwa limeshasikia. "Kazi ya Bwana haturudishi nyuma," akasema.

"Sawa. Na anakaa upande gani?"

Kwetu aliyeokoka hupewa jirani wa kumlea kiroho. Kanisa lote likanigeukia mimi.

Nyani alipozinduka alitoka kwa mlango wa wageni, leso yangu begani. Kesho yake nikamkuta katikati ya ndengu. Nikaokota jiwe. Kumbe Mzee Kiema alikuwa anapita njiani.

"Wewe Mutanu! Unataka kugonga mtu ameokoka jana?"

Nikaliachia jiwe. Nilikaa ukingoni mwa shamba nikalia kwa hasira, naye nyani akanitazama huku akitafuna. Baadaye akaleta jamaa zake wote. Mzee Kiema akasema huo ndio uinjilisti.

Jumapili iliyofuata Pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda. Cheryl alikaa nyuma, akitabasamu.

"Bwana asifiwe," nikasema. "Ndugu anaendelea vizuri. Amenenepa."

Makofi yakapigwa. Pasta akanishukuru, kisha akatangaza kwamba Jumapili ijayo ni sadaka ya mavuno, kila mtu alete ndengu zake.

Zangu ziko tumboni mwa ndugu. Nitamleta yeye.