Swali la Siri

Koikai hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliwahi kumkimbiza fisi na fimbo tupu mkononi, na wenzake wa rika hawakuchoka kuisimulia habari hiyo. Lakini siku ile, ndani ya kafe ya intaneti ya Yordani pale Manundu, mjini Korogwe, jasho lilimtoka hadi kofia ikalowa, na kilichomtoa jasho hakikuwa na meno wala kucha. Kilikuwa ni jina lake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta.

Kwenye tovuti ile ya kubeti mpira alikuwa amejiandikisha kama Simba wa Tanga. Jina la kujitapa, sikatai, lakini halikumtaja yeye wala ukoo wake, na ndivyo alivyotaka. Asubuhi ile neno lake la siri lilikataa. Akadhani amelikosea, akabonyeza pale pa waliosahau, akajibu swali, akaruhusiwa kuingia. Na pale juu, mahali pa Simba wa Tanga, akakuta pameandikwa: Koikai wa Chanika.

Alifunga ukurasa haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Msidhani alikuwa mzembe. Kwa kujificha, Koikai alikuwa fundi. Nyumbani Chanika, kule Handeni, alikouza dawa za mifugo, vijana walibeti hadharani wakipigiana kelele; yeye alipita mbali, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha anapanda basi kwenda Korogwe. Shuka yake ya Kimaasai anaiacha nyumbani, anavaa suruali na kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Anachagua kompyuta ya kona. Simu yake ilikuwa kitochi kisicho na intaneti, makusudi, ili atakayeipekua asikute kitu. Na kabla ya kuondoka anafuta nyayo zake zote kwenye mashine, jinsi Yordani alivyomfundisha.

Yote hayo ni kwa sababu ya Nasha. Nasha alikuwa mchumba wake, anasomea ualimu hapo hapo Korogwe. Mtu atauliza, mbona basi akajifiche karibu na mchumba? Koikai alikuwa na jibu: wanachuo wanakaa ndani ya geti, na yeye akikutwa njiani atasema amekuja kumsalimia. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshapelekwa, na harusi ilingoja mavuno tu. Lakini baba wa Nasha, mzee Filipo, mzee wa kanisa, alikuwa na kidonda. Mwanawe wa kwanza, Parsaoti, alilimaliza zizi la baba yake kwa kamari, kisha akapotea, na mama yao, Siamanta, hadi leo akisikia pikipiki usiku anatoka nje kuangalia. Siku ya kupokea mahari mzee alisimama mbele ya watu wote.

"Binti yangu simpi mcheza kamari," alisema. "Hata harusi iwe ni kesho, nitaivunja."

Koikai akaapa kuwa kamari haijui. Aliapa vizuri sana, mpaka wazee wakamsifu. Moyoni alikuwa anawaza mkeka wake wa kubeti wa Jumamosi.

Sasa mtu alikuwa amemjua. Koikai alibadilisha neno la siri, akaweka refu lenye tarakimu na alama mpaka mwenyewe likamsumbua kulikumbuka. Aliporudi tena Manundu, likakataa. Akalijibu lile swali, akaingia, na safari hii jina lilikuwa limebadilishwa tena: Mkwe wa Filipo.

Hapo hofu ikamwingia kwenye mifupa. Dukani mteja akikohoa, anaruka. Simu ikilia, anaizima. Jumapili, baada ya ibada, mzee Filipo alimshika mkono akamwambia, "Tutaonana, mwanangu," na Koikai akakaa mchana kutwa akiyapima maneno yale, kama ni salamu au ni hukumu. Alimshuku Yordani. Alimshuku Matayo, jirani yake wa duka. Alimshuku hata dobi. Kila mtu aliyecheka karibu yake alikuwa anamcheka yeye.

Kuacha? La, kuacha hakukumjia akilini. Alichowaza ni kufuli kubwa zaidi.

Mwisho alimvuta Yordani pembeni, akamweleza kuwa kuna rafiki yake, eti, amepatwa na mkasa fulani.

"Huyo rafiki yako, kaka," Yordani alisema huku akijizuia kucheka, "aweke neno la siri refu kama treni, haisaidii. Mtu anabonyeza 'nimesahau', anaulizwa swali la siri, akilijua jibu anapita. Swali lake ni lipi?"

"Mnyama wako wa kwanza anaitwaje."

"Na jibu watu wanalijua?"

Koikai aliishusha kofia yake hadi machoni.

Yule aliyetunga swali lile, huko aliko, bila shaka aliwaza paka wa utotoni, ambaye jina lake wanalijua mwenyewe na mama yake tu. Koikai alikuwa ameandika Sambu. Sambu, dume lake la mabaka, alilopewa na baba yake alipokuwa bado anachunga ndama. Katika ujana wake aliimba sifa za Sambu kwenye kila ngoma kuanzia Handeni hadi Kilindi. Wenzake walimwita yeye mwenyewe kwa jina la ng'ombe huyo. Akikwaruzwa na mwiba, huapa kwa Sambu. Kwa kuwa ndilo jina lililokuwa karibu zaidi na moyo wake, alidhani ndilo lililofichika zaidi. Nyika nzima ilikuwa na ufunguo wake.

Kama ni nyika nzima, basi habari itafika kwa Nasha leo au kesho, na itafika ikiwa imevaa sura mbaya. Afadhali awahi yeye. Akatoka mbio kuelekea chuoni, akipanga uongo njiani.

Nasha alitoka getini akiwa na sare, vitabu kifuani.

"Sopa, Koikai. Mbona unahema hivyo?"

"Epa. Nasha, sikiliza. Kuna watu wana wivu na sisi. Watakuja kukuambia nabeti kwenye mitandao. Wametengeneza kitu kwa jina langu. Usiwaamini. Nakuapia, hata kuiwasha hiyo kompyuta sijui."

Nasha alimwacha amalize.

"Siku moja nilikwenda kwa Yordani kuchapa kazi ya chuo," alisema. "Nikakuona kona ile. Nikakupigia simu nikiwa nimekaa nyuma ya kile kizuizi cha mbao kinachotenga kompyuta. Ukatoka nje kuipokea. Ukaniambia uko mnadani Handeni, unauza dawa za kupe. Nilikuwa nakusikia kwa masikio yote mawili, Koikai. Na kompyuta uliiacha wazi."

Koikai alirudi nyuma hatua moja.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilisema nikutishe kidogo, utaogopa, utaacha. Kaka yangu hakuna aliyemtisha mapema." Akamtazama mashavu yaliyobonyea. "Ukaogopa kweli. Umekonda. Lakini kila nilipokutisha, ulibadilisha kufuli ukaendelea."

"Nitaacha leo, Nasha. Leo hii. Usimwambie mzee, nakuomba!"

Nasha alijifuta machozi.

"Umeona? Hata sasa unamwogopa baba, huogopi kunipoteza mimi." Akavikumbatia vitabu vyake. "Sitamwambia kuwa unacheza. Nitamwambia simtaki mume huyu, basi. Akiniuliza sababu nitanyamaza, anipige akitaka. Siri yako itabaki kwangu."

Kengele ya chuo ililia. Nasha akageuka, akaanza kurudi taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema neno.

Na Koikai alikuwa nalo. Alitaka kumwita kwa nguvu zake zote, aseme mbele ya mlinzi na wanachuo wote kuwa ni kweli anacheza, kwamba amemdanganya yeye na baba yake, kwamba ataenda kwa mzee Filipo jioni hiyo hiyo kwa miguu yake. Alivuta pumzi. Lakini kabla ya kufungua mdomo alitupa jicho nyuma yake, barabarani, kuhakikisha hapiti mtu anayemfahamu. Alipogeuka tena, Nasha alikuwa ameshaingia ndani.