Bomoa Ukuta, Usizime Jiko

Mwanga wa asubuhi ya Desemba uliingia maabara ya mji wa Szeged, Hungaria, ukatua kwenye neli ya kioo, na ndani ya neli mlikuwa na uji wa kijivu uliokwisha kufa. Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza ya kipande cha msuli wa Borka, mtoto wa miaka sita aliyeanza kushindwa kupanda ngazi. Ilka, fundi wa maabara, ndiye aliyeiharibu. Jana alitwanga kilo mbili za mbegu za mpopi kwa keki za Krismasi, kama mama yake alivyomfunza, hadi mafuta yatoke. Na leo mkono, bila kumuuliza, ukatwanga vivyo hivyo.

Ilibaki nusu ya pili, ndogo kama punje ya mahindi. Hakutaka mtoto akatwe tena.

"Mama Ilka, nipe mimi," akasema Gergő, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi. "Mkono wako leo bado uko jikoni."

"Jikoni ndiko mkono huu ulikojifunza kazi, mwanangu. Kaa hapo uhesabu mapigo ya mchi. Ukinichekesha nakutoa nje!"

Kinu cha kioo ndani ya barafu. Maji ya sukari, baridi. Mchi ukashuka.

Bomoa ukuta, usizime jiko. Maana kila seli ni nyumba, na ndani mna majiko madogo, mitokondria, yanayompa mtu nguvu ya kuinua mguu. Ukuta usipobomoka hayatoki. Ukibomolewa kwa fujo, yanavunjika nao.

"Saba," akahesabu Gergő.

Bomoa ukuta, usizime jiko. Bega lilimsihi akaze. Akalinyima. Aliogopa, ndiyo, lakini mchi haukupata habari.

"Kumi na mbili."

"Basi," akasema Ilka, na mkono ukatii.

Mashine ya kuzungusha neli ikazunguka taratibu, vifusi vikazama. Ikazunguka kwa kasi, majiko yakatua chini ya neli, doa la rangi ya chai. Akachota kidogo akapime kama yanavuta hewa. Akayapa kuni za kwanza, chakula chao cha aina moja: hayakuwaka. Gergő akainamisha kichwa.

"Bado," akasema Ilka. Akayapa kuni za pili, za aina nyingine.

Yakawaka. Mstari wa hewa ukateremka kwenye kioo cha kipimo, kwa kuwa yalikuwa yakiivuta, na Ilka akalia waziwazi, glavu zikiwa mikononi. Majiko yalikuwa mazima. Ni mlango mmoja tu wa kuni uliofungwa, na sasa daktari angejua upi.

Mwanga, sasa wa mchana, ulikuwa bado kwenye neli. Doa lile dogo lilikuwa linapumua, mbali na Borka, likisema mahali anapoumwa.